Pikipiki ya Wafiwa

Pale Kibiti, mtu akifiwa Ikwiriri, Umwe au Utete, alikuwa hatumi mtu stendi. Alimtuma kwa Mwinjuma Kondo. Mabasi yalikuwepo, tena mengi kuliko zamani, maana tangu biashara ilipofunguliwa kila mwenye uwezo alileta la kwake. Lakini basi huondoka likijaa, na maiti hangoji basi lijae.

Mwinjuma hakuitafuta kazi hiyo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa tarishi wa ushirika wa korosho, akipeleka barua matawini juu ya pikipiki ya ofisi. Ushirika ulipokufa, watumishi waliambiwa wachague kitu ghalani kuwa ndiyo kiinua mgongo chao. Wenzake walichagua mabati na mizani. Yeye alichukua ile pikipiki, ambayo wakati huo ilikuwa imelala chini ya magunia, kuku wametagia kwenye kiti chake. Mkewe Shamsia alipoiona ikisukumwa kuingia uani, aliuliza kama wamepewa pamoja na hao kuku.

Mwezi uleule jirani yao alifiwa na baba yake huko Umwe, na gari hakuna. Mwinjuma akampeleka. Akawahi maziko. Habari ikaenea, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa hapakii mzigo wala abiria wa kawaida. Alipeleka wafiwa tu, na aliona ni sawa hivyo. Baba yake, marehemu Mzee Kondo, alikuwa mwosha maiti wa Umwe kwa miaka thelathini, na jina la nyumba ile lilisimama juu ya jambo moja: hawakuwahi kuchelewesha maziko. Kwa hiyo kila Mwinjuma alipoipiga teke pikipiki ikawaka, alijihesabu kuwa anaendeleza kazi ya baba yake, ingawa yeye hakujua hata kukunja sanda.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zile za moshi wa buluu, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Haikuwa na maji ya kuipoza kama gari. Ilipozwa na upepo tu, upepo unaopita katikati ya vibati vya chuma vilivyopangana ubavuni mwa injini kama kurasa za kitabu. Mwinjuma alivitunza vibati vile kuliko meno yake. Kila jioni alikaa na kijiti cha chelewa, akichokoa udongo mmoja mmoja mpaka chuma kionekane. Oili alipima mwenyewe. Kwenye mchanga hakulazimisha gia kubwa injini ikalia. Alirudi gia ndogo, akaenda taratibu, na akifika penye ardhi ngumu aliiacha ikimbie ili ipate upepo. Akisimama, aliielekeza kaskazi inakotokea. Na penye foleni, sheria yake ilikuwa moja: zima, shuka, sukuma. Injini inayonguruma bila kwenda, alisema, inajipika yenyewe.

"Mwinjuma ananyonyesha," walisema vijana wa gereji. Yeye aliendelea kuchokoa.

Kosa lake lilianzia mahali pengine kabisa. Lilianzia kwenye kanzu.

Masika ya mwaka wa tisini na tatu alimpeleka mfiwa mmoja Ikwiriri, na barabara yote ilikuwa tope. Walipofika, yule bwana aliteremka akiwa mweusi kuanzia magotini hadi kiunoni, tope na oili. Mzee mmoja wa ile nyumba ya msiba akamtazama, akamgeukia Mwinjuma, akasema watu wakisikia, "Umetuletea mfiwa au mlima mpunga?"

Watu hawacheki msibani, lakini siku ile walicheka. Neno lile lilimkaa Mwinjuma kifuani wiki nzima. Mwisho alinunua kipande cha turubai la kijani kwa madereva wa malori, akakipeleka kwa fundi cherehani, kikakatwa na kupigwa matundu ya kamba. Akakifunga mbele ya pikipiki kuanzia usukani mpaka chini penye miguu, kulia na kushoto, injini yote ikawa imefunikwa kama mpishi aliyevaa aproni. Tangu siku hiyo wafiwa wake walishuka na kanzu nyeupe. Akina mama walioketi barazani walisema, "Pikipiki ya Mwinjuma ina stara." Hapana sifa iliyowahi kumwingia kama ile.

Masika yakaisha. Kiangazi kikaja. Turubai likabaki pale pale.

Alijua. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba alijua. Mara mbili tatu alipoipapasa injini baada ya safari fupi, mkono uliruka. Akajiambia atalifungua kesho. Kesho mfiwa mwingine akaja na kanzu iliyopigwa pasi, na Mwinjuma akaona haya kumpeleka kwa watu akiwa na vumbi hadi kifuani.

Januari ya mwaka wa tisini na nne, saa mbili asubuhi, Bwana Ussi alifika uani kwake akichechemea, fimbo mkononi. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mitano, mwenye duka la nguo karibu na msikiti, mguu wake wa kulia hauna nguvu tangu alipougua. Alisimama bila kubisha hodi.

"Mwinjuma, mwanangu. Waride ametutoka."

"Inna lillahi. Bi Waride, dada yako wa Utete?"

"Alfajiri, hospitali. Wamenipigia simu ya upepo pale kituo cha polisi. Wanazika baada ya alasiri. Unajua yule hana mtoto wa kiume. Mume alitangulia. Nimebaki mimi tu wa kushuka kumpokea."

Mwinjuma alielewa. Mwanamke anapoteremshwa kaburini, wanaompokea ni wanaume wa damu yake. Wasipokuwepo, wengine wataingia, na dini haikatazi. Lakini kwa watu wa ukoo kama wa Bwana Ussi, dada kupokewa na mikono ya wageni ni aibu inayosimuliwa mpaka kwa wajukuu.

"Tutawahi, Bwana Ussi. Saa nane tuko Utete."

"Niahidi."

"Nimekuahidi."

Shamsia alisimama mlangoni na birika la chai ambayo hakuna aliyeinywa. Alimwona mumewe akikaza kamba za turubai badala ya kuzilegeza. Kazi ya wanaume hakupenda kuiingilia mbele ya mgeni, akarudi ndani na birika lake.

Mpaka Ikwiriri walikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali lakini barabara ilikuwa na vipande vigumu, na Mwinjuma alipata pa kukimbilia. Tatizo lilianza walipokaribia pantoni ya Ndundu.

Pantoni ile ilikuwa ya zamani, ya siku ambazo yalivuka magari machache kwa siku. Sasa kulikuwa na malori ya saruji, ya mitumba, ya mbao, mabasi ya Lindi, vipikapu vya wafanyabiashara, vyote vikiutaka mto kwa wakati mmoja. Foleni ilianza mbali sana na maji. Tena kila dereva aliyejiona mjanja alitoka kwenye mstari akajaribu kuwapita wenzake, akakutana na anayetoka mtoni, wote wawili wakakwama juu ya tuta, na nyuma yao honi. Katikati ya malori palibaki upenyo wa mchanga, wa pikipiki tu.

Mwinjuma alizima injini.

"Hapa tunashuka, Bwana Ussi. Tunasukuma."

"Kwa mguu huu? Kwenye mchanga huu?"

"Basi wewe kaa juu, nikusukume taratibu."

Bwana Ussi aliangalia ile halaiki ya madereva, makuli na abiria waliotapakaa kando ya barabara. "Nikokotwe kama gunia mbele ya watu wote hawa, nami nimefiwa? Washa, mwanangu. Ni hapo tu."

Mwinjuma alisita. Mzee alikuwa mkubwa kwake, na alikuwa na msiba. Akawasha.

Wakaingia upenyoni kwa gia ya kwanza, miguu ikikanyaga mchanga huku na huku, hatua kumi kisha kusimama, hatua tano kisha kusimama, injini ikinguruma muda wote. Kulia kwao injini za malori zilipumua moto, na kushoto vivyo hivyo. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa unyoya. Joto lilikusanyika nyuma ya turubai, likapanda mpaka kwenye mapaja ya Mwinjuma. Akaanza kusikia sauti anayoijua, ndogo, kama mtu anayetikisa vijiwe ndani ya kopo.

Karibu na mto palikuwa na banda la Biasha, mama muuza chai aliyemfahamu kila apitaye Ndundu. Alimwona Mwinjuma kabla Mwinjuma hajamwona.

"Mwinjuma! Umemvika nini huyo mnyama wako? Januari hii na koti?"

Matingo wa malori waliokuwa wakinywa chai wakageuka.

"Si koti, Biasha. Ni stara."

"Stara ya injini? Basi kesho mletee na ushungi!"

Kicheko kikapasuka. Tingo mmoja akapiga goti. "Mvue bwana, atazimia huyo! Nasikia harufu yake hapa nilipo."

"Mwache," akasema mwingine, "anampeleka harusini."

Mwinjuma alikwisha peleka mkono kwenye kamba. Vidole vilikuwa juu ya fundo. Kulivuta tu kungetosha. Akainua macho akaona nyuso ishirini zimemkodolea, meno nje, zikingoja kuona kama atatii. Mtu aliyesifiwa na kina mama wa barazani, afundishwe kazi na matingo?

Akaurudisha mkono kwenye usukani, akapita.

Pantoni waliipata haraka kuliko walivyotarajia. Mpakizaji aliposikia neno msiba aliwapenyeza kati ya lori na ukingo. Ilikuwa saa sita kasorobo. Juu ya maji Mwinjuma aliizima pikipiki, na injini ikawa inalia yenyewe, tik, tik, tik, jinsi chuma kinavyolia kinapopoa. Alijifariji kwa sauti ile. Tumevuka, alijiambia. Mabaya yamebaki ng'ambo. Bwana Ussi alifunga macho, midomo ikicheza, tasbihi ikipita vidoleni.

Ng'ambo ya pili, walipoiacha barabara ya Lindi na kushika njia ya Utete, mchanga ulikuwa mzito kuliko walikotoka, na njia inapanda. Injini ilikuwa haijapoa. Ilikuwa imepumzika tu. Walikwenda kama nusu saa. Kisha nguvu ikaanza kupungua, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Mwinjuma akaongeza mafuta. Ikalia kama chuma kinachosagwa, na tairi la nyuma likagoma ghafla, wakaserereka mpaka kwenye majani. Hawakuanguka.

Palikuwa kimya, isipokuwa nyenze.

"Nini?" akauliza Bwana Ussi.

"Imekamata."

"Imekamata nini?"

"Pistoni imevimba kwa moto, imebana ndani. Ikipoa itaachia. Inshallah."

Alichomoa kisu akakata kamba zote za turubai, haraka haraka, akalitupa kwenye majani. Joto lililotoka pale lilimpiga usoni kama amefunua chungu. Akaisukuma pikipiki kivulini, akaielekeza upepo unakotoka, akaifungua plagi kwa kitambaa, akadondosha oili kidogo ndani ya tundu. Halafu akakaa chini. Hapakuwa na jingine la kufanya.

Bwana Ussi hakukaa. Alizunguka na fimbo yake, akatazama jua, akaitazama injini. Mwisho akalitwaa dumu la maji lililofungwa nyuma ya kiti.

"Mwagia, ipoe."

"Hapana, Bwana Ussi."

"Maji si ndiyo yanayozima moto?"

"Chuma kilichowaka kikimwagiwa maji kinapasuka. Hapo hatutangoja tena, tutakuwa tumekwisha. Nakuomba."

"Unaniomba! Dada yangu yuko juu ya kitanda cha kuoshea, wewe unaniambia tukae tutazame chuma?"

"Nakuambia tukae, baba yangu. Nusu saa."

Mzee alibaki na dumu mkononi. Kisha akalitua. Alikaa juu ya mzizi, akampa Mwinjuma mgongo nusu saa nzima.

Ilipoachia, waliendelea polepole, injini ikiwa wazi na upepo ukipita. Kanzu ya Bwana Ussi ilijaa vumbi na vidoa vya oili, na hapana aliyeijali. Lakini pistoni ikishachubuka imechubuka. Katikati ya mpando mwingine iligoma tena, na safari hii Mwinjuma hakuhitaji kuigusa. Alijua kwa namna ilivyolia.

Walingoja gari. Magari yote waliyoyaacha kwenye foleni yalikuwa ya Lindi. Ya Utete yalikuwa ya kuhesabu. Saa tisa ikapita. Ilipokaribia saa kumi likaja lori la mpunga, wakaipandisha pikipiki juu ya magunia, na Bwana Ussi akasukumwa kupanda kwa dereva. Mwinjuma alikaa juu na pikipiki yake, mikono imeishika isianguke, akiutazama msikiti wa kila kijiji wakipita. Katika kijiji kimoja waliadhini alasiri. Alihesabu maneno yote ya adhana, kama yangeweza kurefuka.

Walipofika makaburini watu walikuwa wamesimama duara. Bwana Ussi alishuka kabla lori halijasimama vizuri, fimbo ikamponyoka, akaenda bila fimbo. Watu wakampisha. Alifika ukingoni, akachungulia. Kiunza kilikwisha kuwekwa. Mbao zake zimekwisha mfunika Waride, na wazee watatu waliompokea, majirani tu, walikuwa wanapandishwa juu wakipangusa udongo.

Hapana mtu anayefunua kiunza kikishawekwa. Bwana Ussi aliokota udongo, mara tatu, akautia. Mikono yake ilikuwa na oili, na udongo ukanata.

Baada ya maziko waliketi barazani kwa marehemu, mikeka imetandikwa mpaka uani. Mzee Mtoro, shemeji wa marehemu, ndiye aliyesimamia shughuli. Alikuwa mtu mpole, na alisema kwa upole.

"Tulikungoja, Bwana Ussi. Tulisali alasiri, tukangoja tena. Na joto hili mnalijua. Hatukuweza zaidi." Akatikisa kichwa. "Pantoni, siyo?"

"Pantoni hiyo," akasema mtu pembeni.

"Mwezi uliopita ilinilaza mimi Ndundu," akasema mwingine. "Pantoni itatumaliza."

Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha pantoni. Maneno yalikwisha tayarishwa, na yalikuwa laini kukalia kama mto wa sufi. Bwana Ussi alikuwa ameinamisha kichwa. Alifumbua kinywa, akasema, "Ndiyo. Pan..."

"Si pantoni," akasema Mwinjuma.

Watu wakageuka. Alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, karibu na viatu.

"Mzee Mtoro, pantoni tuliipata mapema, kabla ya adhuhuri. Walitupisha. Kilichotuchelewesha ni injini yangu. Niliifunika turubai tangu masika ili watu wangu wafike safi, na kiangazi sikulitoa. Niliambiwa njiani nilitoe, nikaona haya. Ikapikika. Ndiyo habari yenyewe. Mtu asije akasema jingine."

Kuhusu kushuka na kusukuma penye foleni hakusema neno. Hilo aliliweka kifuani.

Mtu mmoja akasema, "Mungu ndiye mpangaji." Wengine wakaitikia. Mzee Mtoro alimtazama Mwinjuma kwa muda, macho ya mtu aliyekuwa amemjua Mzee Kondo.

"Umesema kama mtoto wa baba yako," akasema.

Mwinjuma alidhani angepata nafuu. Ndiyo aliyoitafuta, alitaka kulitua lile kosa pale mbele ya watu, ili lisije likafichuka lenyewe na kuitia doa nyumba yao. Akamtazama Bwana Ussi. Mzee alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa umekunjamana kuliko ulivyokuwa kaburini.

Alisogea kwenye mkeka kwa makalio, taratibu, mguu mbovu ukiburutwa, mpaka akafika karibu. Akasema chini, wao wawili tu wasikie.

"Ungeniachia pantoni, Mwinjuma."

"Bwana Ussi, nimeona uongo..."

"Pantoni haina uso. Ningeilaumu mpaka nife, isingenidhuru wala nisingeidhuru. Wewe nitakuona kila siku ukipita mbele ya duka langu. Na hukuwaambia kwamba uliniomba nishuke, nikakataa. Ulidhani nimesahau?"

Mwinjuma alisogeza viatu kando, amwachie mzee nafasi mkekani.

"Ningetembea," akasema Bwana Ussi. "Ningetambaa, lau ungeniambia nini kitatokea."

"Sikujua nini kitatokea."

"Ulijua. Umetoka kuwaambia hao kuwa ulijua."

Wali ukaja. Vijana walipita na birika na beseni, wakawanawisha watu kwa zamu. Sinia zikatua, watano watano. Mzee Mtoro aliwaona wale wawili hawamo kwenye sinia yoyote, na kwa kuwa ndio waliokuwa hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri, akaamuru waletewe sinia yao peke yao. Ikawekwa katikati yao, moshi ukipanda.

Walinawa. Kila mmoja akamngoja mwenzake aanze.